Asiyekuwepo na Lake Halipo: Mauaji ya Chuka na Hatima ya Wahalifu wa Vita

Wahenga walinena kwamba kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Methali hii hufundishwa darasani kama wosia kwa mtu aanze mwenyewe kulishughulikia jambo lake kabla ya kungojea msaada wa jirani, na maana hiyo haina dosari. Hata hivyo, ipo maana nyingine inayojitokeza methali hiyo inapotazamwa katika muktadha wa vita. Mfiwa asipolia, au akizuiwa kulia, wa mbali hawana pa kuingilia. Matanga hayawekwi, aliyeua haulizwi, na baada ya miaka sabini mtu aweza kudhani kwamba hapakuwa na kifo chochote.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, hatima ya baadhi ya wakuu wa utawala wa Hitler ilizua ubishi uliodumu miongo mingi. Martin Bormann alihukumiwa kifo na mahakama ya Nuremberg mwaka 1946 bila ya kuwepo kizimbani, na kwa miaka mingi walitokea watu waliodai kwamba walimwona Amerika ya Kusini. Mifupa iliyofukuliwa mjini Berlin mwaka 1972, na kuthibitishwa kwa uchunguzi wa vinasaba mwaka 1998, ilionyesha kwamba alifia Berlin mwaka 1945. Josef Mengele, daktari wa kambi ya Auschwitz, alifia nchini Brazil mwaka 1979 akitumia jina lisilo lake, na kaburi lake likafukuliwa mwaka 1985. Wanaposoma visa hivi, wengi huvutiwa na kitendawili cha mtu aliyetoweka. Lakini kitendawili hicho kina sharti lake. Ni lazima kwanza awepo mtu aliyeorodhesha waliouawa, akaliita tendo kwa jina lake, kisha akaanza kumsaka mtendaji. Mkimbizi hukimbia kwa kuwa anafukuzwa.

Kenya nayo ina ubishi wake uliozaliwa na vita vya Mau Mau. Stanley Mathenge, kiongozi wa wapiganaji wa msituni, alitoweka katikati ya miaka ya 1950, na uvumi ukaenea kwamba alivuka mpaka akaingia Ethiopia. Mwaka 2003 mzee mmoja aliletwa kutoka nchi hiyo na kupokewa Nairobi kwa shangwe kama shujaa aliyerejea, hadi uchunguzi wa vinasaba ulipobainisha kwamba hakuwa Mathenge, bali mkulima wa Kiethiopia. Dedan Kimathi naye alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957 akazikwa pasipo alama, na kaburi lake limetafutwa kwa miaka mingi. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba wote wawili walikuwa wahalifu machoni pa serikali ya kikoloni. Hatima yao inajadiliwa kwa sababu serikali iliwasaka na jamaa zao wakawalilia. Je, wale waliovaa sare za serikali, wakaua watu wasio na silaha, hatima yao inajadiliwa wapi?

Msafiri atokaye Embu kwenda Meru hupita Runyenjes, akateremka hadi mto Thuci na kuuvuka, kisha akapanda kuelekea Chuka. Upande wake wa kushoto mashamba hupanda hadi msitu wa Mlima Kenya, na upande wa kulia ardhi huteremka kuelekea nyanda kavu za Tharaka. Mji wa Chuka leo umo katika Kaunti ya Tharaka Nithi na una chuo kikuu kilichopata hati yake mwaka 2013. Mwaka 1953 ulikuwa katika Wilaya ya Meru. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na serikali ilikuwa imewafunga Wakikuyu, Waembu na Wameru katika furushi moja la kanuni, ikiwahesabu wote kuwa watu wa kushukiwa.

Katikati ya mwezi wa Juni 1953, kombania B ya batalioni ya tano ya jeshi la King's African Rifles iliingia katika eneo la Chuka ili kuwafurusha wapiganaji waliosadikiwa kujificha katika msitu wa karibu. Kombania hiyo iliongozwa na afisa Mwingereza, Gerald Griffiths. Katika muda wa siku chache watu wapatao 20 wasio na silaha walikuwa wameuawa. Hawakuuawa katika mapambano. Zaidi ya hayo, wengi wao hawakuwa wafuasi wa Mau Mau hata kidogo. Walikuwa homugadi, yaani walinzi wa vijiji walioandikishwa na serikali yenyewe ili wapigane na Mau Mau. Serikali iliwaua watu wake.

Mtu angetarajia kwamba tukio la namna hiyo, ambalo halikuwa na hata kisingizio cha kumwua adui, lingefikishwa mahakamani bila kuchelewa. Jenerali George Erskine alikuwa ndiyo kwanza amewasili kuongoza majeshi nchini Kenya mwezi huo huo wa Juni, na tarehe 23 alitoa waraka kwa maafisa wake akilaani upigaji na utesaji wa raia. Uchunguzi wa kijeshi ulifanywa kuhusu Chuka. Lakini jalada la uchunguzi huo lilifungwa, na hakuna aliyesimamishwa kizimbani kwa ajili ya wale watu 20. Hadi leo hapana.

Hapa ndipo hatima ya Griffiths inapowachanganya wengi. Yamkini msomaji amewahi kusikia kwamba afisa huyo alihukumiwa, na akahitimisha kwamba haki ilitendeka. Ni kweli kwamba alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi mara mbili. Mara ya kwanza, mwezi wa Novemba 1953, alishtakiwa kwa mauaji katika tukio jingine, akaachiliwa huru. Mara ya pili, mwezi wa Machi 1954, alishtakiwa kwa ukatili dhidi ya mateka waliokuwa mikononi mwa kikosi chake, akapatikana na hatia, akavuliwa cheo na kufungwa miaka mitano. Kesi zote mbili zilijaa ushahidi wa kutisha. Hata hivyo, waliouawa Chuka hawakutajwa katika shtaka lolote kati ya hayo. Kifungo kile kikawa pazia. Kila aliyeuliza habari za Chuka aliweza kujibiwa kwamba afisa mhusika yumo gerezani, nalo lilikuwa jibu la kweli ambalo halikujibu swali.

Baada ya kuachiliwa kwake katika kesi ya kwanza, na kufuatia kelele zilizopigwa nchini Uingereza, jopo la uchunguzi liliundwa chini ya Jenerali Kenneth McLean mwezi wa Desemba 1953. Ushahidi ulitolewa kwamba baadhi ya vikosi viliweka mbao za kuhesabia waliouawa, na kwamba zawadi za fedha zilitolewa kwa kuua. Pamoja na hayo, jopo liliisafisha sura ya jeshi kwa jumla. Mipaka yake pia ilikuwa finyu, kwani lilichunguza jeshi pekee, bila ya polisi wala homugadi.

Mwanafunzi wa lugha hana budi kusimama kidogo hapa, kwa kuwa lililotendeka halikuwa suala la bunduki tu, bali pia la msamiati. Serikali ya kikoloni haikusema kwamba kulikuwa na vita nchini Kenya. Ilisema kwamba kulikuwa na Hali ya Hatari. Aliyekuwa msituni hakuitwa askari wala mpiganaji, aliitwa gaidi. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 ilikwisha kuweka masharti juu ya watu wasioshiriki katika mapigano, hata katika vita vya ndani ya nchi moja, lakini Uingereza iliiridhia mwaka 1957, wakati mapigano makubwa ya msituni yalikuwa yamekwisha. Maadamu hapakuwa na vita, hapangekuwa na uhalifu wa kivita. Maadamu hapakuwa na uhalifu wa kivita, hapangekuwa na mhalifu wa kusakwa. Wenzao wa Ulaya waliotenda maovu walibadilisha majina yao ili waokoke. Huku Kenya, lililobadilishwa ni jina la vita.

Kisha ukaja msamaha. Tarehe 18 Januari 1955, Gavana Evelyn Baring alitangaza kwamba wapiganaji watakaojisalimisha hawatanyongwa kwa makosa waliyoyatenda hadi siku hiyo. Msamaha huo ulikuwa na upande wa pili ambao haukupigiwa baragumu sana. Watu wa vikosi vya usalama nao hawangeshtakiwa kwa waliyoyatenda kabla ya tarehe hiyo. Kwa hiyo aliyeua Chuka mwezi wa Juni 1953 hakuhitaji kukimbilia Brazil. Alihitaji tu kungoja miezi 19.

Huenda mtu akatetea kwamba nyakati zilikuwa za fujo na mahakama hazikuweza kila jambo. Takwimu zinamkanusha. Katika kipindi cha Hali ya Hatari, mahakama za kikoloni ziliwapeleka kitanzini Waafrika 1,090, wengi wao kwa makosa yasiyokuwa ya kuua, kama vile kupatikana na bunduki au risasi. Kimathi mwenyewe alihukumiwa kifo kwa kosa la kumiliki bastola na risasi. Baada ya wapiganaji wa Mau Mau kuwaua wakazi wa Lari usiku wa tarehe 26 Machi 1953, mauaji ambayo hayastahili kutetewa na yeyote, watu 71 walinyongwa. Serikali iliyoweza kukusanya ushahidi wa Lari, mauaji yaliyotendwa usiku na watu wengi, haikushindwa kukusanya ushahidi wa Chuka, ambako kombania ilikuwa na orodha ya askari wake na afisa wake alijulikana. Haikushindwa. Ilichagua.

Hali haikuwa tofauti sana upande wa Embu. Kambi za Mwea, ambazo wakati huo zilikuwa katika Wilaya ya Embu na leo ni sehemu ya Kaunti ya Kirinyaga, ziliwekwa chini ya usimamizi wa Terence Gavaghan mwaka 1957. Wafungwa waliokataa kukiri kiapo waliletwa huko kwa makundi madogo na kulazimishwa kwa nguvu. Mwezi wa Juni mwaka huo, Mwanasheria Mkuu Eric Griffith-Jones alimwandikia Baring kuhusu jambo hilo, akitenganisha nguvu ya kulazimisha, ambayo ingehalalishwa, na nguvu ya kuadhibu, ambayo ingekuwa kosa. Alionya pia kwamba ikiwa ni lazima kutenda dhambi, basi dhambi hiyo itendwe kimya kimya. Njia iliyojaribiwa Mwea ndiyo iliyozaa mpango uliotumiwa Hola, ambako wafungwa 11 walipigwa hadi kufa tarehe 3 Machi 1959. Hakuna aliyeshtakiwa kwa vifo hivyo. Gavaghan alizitetea hatua zake katika kumbukumbu alizochapisha mwaka 1999, akafa mwaka 2011 bila ya kushtakiwa. Hatima yake haina fumbo lolote. Aliishi kwa jina lake mwenyewe.

Uhuru ulipopatikana tarehe 12 Desemba 1963, ingedhaniwa kwamba mlango wa kuuliza sasa umefunguka. Haukufunguka. Musa Mwariama, kamanda kutoka Meru, alitoka msituni akapokewa na Jomo Kenyatta, akaishi hadi mwaka 1989. Mwenzake, Jenerali Baimungi, hakuridhika na jinsi wapiganaji walivyotendewa, akakataa kuweka silaha chini, na mnamo Januari 1965 akauawa na vikosi vya usalama vya Kenya huru. Kenyatta aliwahimiza Wakenya wasahau yaliyopita, na marufuku dhidi ya Mau Mau ikabaki katika sheria hadi serikali ya Mwai Kibaki ilipoiondoa mwaka 2003. Katika mazingira kama hayo, ni nani angeuliza habari za watu 20 wa Chuka?

Swali hilo ndilo kiini cha jambo lenyewe. Waliouawa Chuka walianguka katikati ya simulizi mbili, na kila simulizi iliwapita. Kwa serikali ya kikoloni, kuwalilia kungekuwa kukiri kwamba ilikuwa imewaua walinzi wake. Kwa simulizi ya ukombozi, walikuwa homugadi, na neno hilo katika vinywa vya wengi hadi leo ni tusi zito. Mjini Embu ipo barabara yenye jina la Kubukubu, jenerali wa msituni, na inafaa iwepo. Lakini ni nani angeipa barabara jina la homugadi aliyeuawa na jeshi alilokuwa akilitumikia? Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo wasemavyo Waswahili, na waliouawa wale hawakuwepo mara mbili: hawakuwepo duniani, wala hawakuwepo katika upande wowote wa masimulizi.

Hata haki iliyochelewa haikuwafikia. Mwaka 2006, wanahistoria David Anderson, Huw Bennett na Daniel Branch waliandika juu ya mauaji hayo katika jarida la History Today, zaidi ya nusu karne baada ya tukio. Mwaka 2009, Wakenya watano walifungua kesi katika Mahakama Kuu ya London, na kesi hiyo ikailazimisha serikali ya Uingereza kukiri mwaka 2011 kwamba ilikuwa imeficha maelfu ya majalada ya makoloni yake huko Hanslope Park. Tarehe 6 Juni 2013, Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, alitangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228, na mnara wa ukumbusho ukazinduliwa Uhuru Park, Nairobi, mwezi wa Septemba 2015. Huo ulikuwa ushindi mkubwa. Hata hivyo, waliolipwa ni watu waliokuwa hai na waliothibitisha kwamba waliteswa. Kesi nyingine ya zaidi ya watu 40,000 ilitupwa mwaka 2018 kwa hoja kwamba muda mrefu mno ulikuwa umepita. Naye marehemu, hasa marehemu asiye na jina katika shtaka, hana mdomo wa kuapia wala kidole cha kutia sahihi.

Lipo pia jambo ambalo wengi huliepuka. Maafisa wa kombania ile walikuwa Waingereza, ilhali askari wake walikuwa Waafrika. Waliofyatua risasi hizo baadaye walirudi makwao, wakalima, wakaoa na kuoza, na yamkini wakaitwa wazee wa kuheshimika. Hatima yao haikuandikwa na yeyote. Amri iliyotoka kwa mkubwa hupunguza lawama ya mdogo, lakini haiifuti, na anayetaka ukweli wa Chuka hana budi kuwa tayari kuupata hata pale utakapomwonyesha Mwafrika akimlenga Mwafrika mwenzake. Historia inayomtafuta Mzungu peke yake itampata nusu, na nusu iliyobaki itaendelea kukaa kimya.

Watakuwepo wasemao kwamba ni heri kidonda kisitoneshwe. Watauliza faida ya kufukua habari zinazoweza kuzichochea familia za homugadi na za wapiganaji, ambazo leo zinaoana, zinauza majani chai katika kituo kimoja na kusali katika kanisa moja. Hoja hii si ya kudharauliwa, kwani wanaoitoa ndio wanaoishi na majirani hao. Lakini inachanganya mambo mawili. Kulipiza kisasi ni jambo moja, na kumtaja marehemu ni jambo jingine. Familia ambayo imekatazwa kumtaja mzee wake kwa kuwa alikuwa homugadi haijapatanishwa na yeyote. Imenyamazishwa tu.

P. M. Kareithi alipoandika riwaya yake ya vita vya Mau Mau mwaka 1969 aliipa jina la Kaburi Bila Msalaba. Jina hilo huwakumbusha wasomaji wapiganaji waliozikwa msituni pasipo alama. Lingewafaa pia watu wa Chuka, ambao huenda makaburi yao yanajulikana na watoto wao, lakini hayajulikani na taifa.

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vya Meru, Embu na Chuka wana kazi ambayo mahakama ya London haiwezi kuifanya. Kila mwaka makundi ya wanafunzi huenda vijijini kukusanya methali, vitendawili na nyimbo za jando, na ni vyema. Mzee aliyekuwa na umri wa miaka kumi mwaka 1953 leo amepita themanini. Mwanafunzi akimwuliza habari za vitendawili, amwulize pia habari za mwezi wa Juni mwaka huo. Aandike majina kama atakavyoyatamka, ya mtu na ya baba yake na ya ukoo wake, kwa Kichuka, kwa Kiembu au kwa Kimeru, kisha aeleze kwa Kiswahili kila mtu alikuwa nani, alilima nini na aliacha nani. Asiandike homugadi bila ya kuongeza jina, wala asiandike jina kisha akalifuta kwa sababu lilikuwa la homugadi.

Ni muhali sasa kumfikisha yeyote mahakamani. Walioamuru na waliofyatua wote wameondoka au wamo mlangoni. Lakini orodha ya majina 20 ingali yawezekana, na orodha hiyo ndiyo iliyokosekana tangu mwanzo. Ikipatikana, walau mfiwa atakuwa ameanza kilio chake, na wa mbali watajua pa kuingilia.